MTOTO ASIYEJIBU: HABARI ZA VIPIMO VYA LUGHA

Mtoto akiulizwa neno asijibu, sababu zaweza kuwa tatu: hajui jambo lenyewe, analijua lakini ulimi wake ni mzito, ama haielewi lugha ya mwulizaji. Wale waliowapima watu wenye ulemavu wa akili walichukua miaka mingi kuzitenga sababu hizo, na waliopata hasara ni waliopimwa.

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga kipimo chenye sehemu 30. Mtoto alitakiwa kutaja vitu vilivyo katika picha, kurudia tarakimu alizosikia, na kueleza maana ya maneno. Nia yao ilikuwa njema, yaani kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo ya pekee. Lakini sehemu kubwa ya kipimo hicho ilitegemea maneno.

Mwaka 1908 Henry Goddard alikipeleka kipimo hicho Marekani. Mwaka 1913 wasaidizi wake walikitumia katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York, kuwapima wahamiaji walioshuka melini, wakiwauliza kwa kinywa cha mkalimani. Kati ya waliochaguliwa kupimwa, takriban 80 kwa mia walihesabiwa kuwa wapungufu wa akili! Kisiwani humo humo daktari Howard Knox alijaribu njia nyingine: aligonga vipande vya mbao kwa utaratibu fulani, naye mhamiaji akatakiwa kumwiga bila kusema neno.

Mwaka 1959 Lloyd Dunn alitoa kipimo cha picha. Mpimaji hutamka neno, na mwenye kupimwa huonyesha kwa kidole picha moja kati ya nne. Hivyo mtu asiyeweza kusema aliweza kudhihirisha aliyoyafahamu.

Hata hivyo, neno lenyewe lilitamkwa kwa Kiingereza, na shida ya lugha ngeni ilibaki palepale. Huko California watoto 9 wa nyumba zenye kusema Kihispania walipimwa kwa Kiingereza, wakatiwa katika darasa la wapungufu wa akili. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walionekana kuwa hawakustahili kuwekwa humo. Shauri lao lilifika mahakamani, na kwa mapatano ya mwaka 1970 ilikubaliwa kwamba mtoto apimwe kwa lugha ya nyumbani kwake.

Nasi katika Kenya, mtoto aweza kusema Kikamba na nyanya yake, Kiswahili sokoni, na Kiingereza darasani. Basi mzazi akiletewa habari kwamba mwanawe amepimwa, yampasa kuuliza: Alipimwa kwa lugha gani? Je, aliruhusiwa kujibu kwa mkono pale ulimi uliposhindwa? Maswali hayo humfaa hata mwenye ulemavu wa kweli, kwa maana mwalimu hawezi kumwongoza mtoto mbele asipojua kwanza amefika wapi.