Kinasaba

Neno kinasaba, ambalo wasomaji wengi wamelizoea kutokana na vipimo vya kumtambua baba wa mtoto, limeundwa kwa kuongeza kiambishi ki- kwenye nasaba, neno lenye asili ya Kiarabu linalotaja ukoo, na hutumika sambamba na jeni kwa maana ya chembe inayobeba sifa za kurithi. Uundaji huo ni mzuri, lakini katika kuuelimisha umma kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba unaficha jambo moja: pamba ya Bt, ambayo Kenya iliidhinisha ilimwe kibiashara mwishoni mwa mwaka 2019, imepewa jeni ya bakteria wa udongoni, asiye na nasaba ya karibu na mpamba hata kidogo, ili mmea wenyewe utengeneze protini inayomuua funza wa vitumba. Hapo ndipo mbegu hiyo inapotofautiana na chotara, yaani mbegu inayopatikana kwa kuchavusha mmea mmoja kwa chavua ya mwingine ulio jamaa yake, ingawa mitaani zote mbili huitwa mbegu za kisasa. Mkanganyiko huo si mdogo, kwa kuwa marufuku ya Kenya ya mwaka 2012 dhidi ya kuingiza vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, iliyoondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, haikuyahusu mahindi chotara, ambayo wakulima wameyapanda kwa miongo kadhaa. Nazo GMO, herufi tatu za kifupisho cha Kiingereza cha viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, zinazotawala mijadala, hazimwelezi mkulima lolote.