Tabu ya Tab: Historia Fupi ya Make na Wajukuu Wake

Wasomaji wangu, leo tuziweke kando habari za simu mpya tuzungumze historia kidogo. Nataka kusimulia jinsi kitufe kimoja cha kibodi kilivyowasumbua waandishi wa programu kwa karibu miaka 50, na kwa nini yeyote anayebuni lugha ndogo ya kutumiwa na wenzake anafaa kukijua kisa hiki.

Lugha ndogo ni nini? Si lugha ya kuandikia programu ya kila aina kama C au Java. Ni lugha ya kazi moja tu, kama SQL ambayo kazi yake ni kuiuliza hifadhidata maswali. Hata faili ya mipangilio, ikishaanza kuwa na masharti na majina yake, tayari ni lugha, hata kama aliyeianzisha hakukusudia.

Sasa turudi mwaka 1976. Stuart Feldman alikuwa mtafiti wa Bell Labs, Marekani, kule kule Unix ilikozaliwa. Siku moja mwenzake Steve Johnson, aliyeandika Yacc, aliingia ofisini kwake akilaani. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka hitilafu ambayo alikuwa ameshairekebisha! Faili ilikuwa sawa, ila haikupitishwa tena kwenye kompaila, kwa hiyo alikuwa akijaribu programu ya zamani. Feldman naye yalikuwa yamempata kama hayo jioni iliyotangulia. Wikendi hiyo akaandika Make.

Hebu tazama:

ripoti: hesabu.o chapa.o
	cc -o ripoti hesabu.o chapa.o

Mstari wa kwanza unasema ripoti inategemea faili mbili. Wa pili ni amri ya kuijenga. Make hulinganisha wakati ambao kila faili ilibadilishwa mara ya mwisho. Ikikuta moja ya zile mbili ni mpya kuliko ripoti, inaendesha amri. Isipokuta, haijengi kitu. Mtu asiyewahi kuona Makefile anaweza kukisia maana yake. Tena ni maandishi ya kawaida, unayoweza kuyafungua na kuyasoma kwa kihariri chochote. Kwa kazi hiyo Feldman alipewa tuzo ya mfumo wa programu ya ACM ya mwaka 2003, na aliistahili.

Lakini ule mstari wa pili lazima uanze na Tab. Ukianza na nafasi nane, kwa macho ni kitu kile kile, ila GNU Make inakataa na kulalamika kwamba kitenganishi kimekosekana. Unakodoa macho na huoni kilichokosekana. Waswahili hatuhitaji kutafsiriwa: tab ni tabu.

Ilikuwaje? Feldman mwenyewe alikuja kueleza. Alikuwa hajawahi kutumia Lex na Yacc, akaona hii ni nafasi ya kujifunza. Lex ikamtatiza, akachukua njia ya mkato: mstari mpya ukifuatwa na tab, hiyo ni amri. Ikafanya kazi, ikabaki. Wiki chache baadaye alikuwa na watumiaji kama 12, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwavurugia faili zao. Watu 12! Mwaka 1979 Make ikatoka na toleo la 7 la Unix, ikaenea duniani na tab yake. GNU Make iliruhusu kubadilisha alama hiyo katika toleo la 3.82 la mwaka 2010, yaani baada ya miaka 34, na bado Makefile nyingi zinatumia tab.

Waliofuata walijaribu kuponya kidonda hicho. James Duncan Davidson aliandika Ant kwa ajili ya Java, ikatoka peke yake mwaka 2000. Tab zilikuwa mojawapo ya kero zilizomsukuma, naye akachagua XML. Tabu ya tab ikaisha, ikaja ya kufungua na kufunga alama, hadi mantiki ya mistari mitatu ikajaza skrini nzima. Davidson mwenyewe alikuja kusema kwamba angejua mapema, angetumia lugha halisi ya skripti.

Mwaka 2003 Jim Weirich akafanya hivyo hasa. Aliandika Rake, ambayo hata yeye alisema hakukusudia kuiandika. Hakubuni sarufi mpya. Aliazima ya Ruby:

task :ripoti => [:hesabu, :chapa] do

Msomaji wa Ruby anaielewa mara moja, na ikikosewa, Ruby yenyewe inamtajia mstari wenye kosa. Lakini nayo ina bei yake. Ndani ya Rakefile unaweza kuandika lolote ambalo Ruby inaliweza, na watu wakaandika lolote kweli. Ndiyo maana Bazel, ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2015, inatumia Starlark, lugha inayofanana na Python lakini iliyonyimwa baadhi ya uwezo kwa makusudi, ili faili za ujenzi zisigeuke msitu.

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, menyu za huduma ya simu ziliandikwa kwa lugha ndogo iliyobuniwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Ilikuwa fupi ajabu. Alama moja ya nyota ilikuwa na maana tatu kulingana na mahali ilipo. Kuongeza chaguo moja kulituchukua siku mbili, na mteja alikuwa akisubiri.

Kwangu mimi, historia hii inafundisha mambo matatu. Kwanza, maana isifichwe mahali jicho halioni. Pili, usomekaji hupimwa siku ya kosa: ujumbe wa hitilafu ni sehemu ya lugha. Tatu, rekebisha mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Feldman aliwahurumia watu 12, na huruma hiyo tumeilipia mamilioni. Kwa hiyo lugha yako ikiwa na watumiaji watatu na mmoja wao analalamika, msikilize leo, wakati bado unaweza kwenda mezani kwa kila mmoja umsaidie kubadilisha faili zake.