Ufito wa Chuma katika Mgongo wa Mtoto

Mara nyingi twaona mtoto ambaye mgongo wake umepinda upande. Wengine husema: amelogwa. Sivyo. Ni ugonjwa wa uti wa mgongo, na tuone jinsi waganga walivyopigana nao.

Zamani mtoto alivikwa plasta ngumu, akalala nayo miezi mingi. Mwaka 1911, huko New York, mganga Russell Hibbs alieleza namna ya kuunganisha pingili za mgongo ziwe mfupa mmoja. Lakini plasta ya nje haikuweza kushika mgongo barabara, na mara nyingi ulirudi kupinda.

Baada ya vita vya 1939-1945, polio ililemaza watoto wengi mjini Houston, Marekani. Misuli ikalegea, mgongo ukapinda, mapafu yakabanwa. Kwa watoto hao plasta ilikuwa mzigo, maana ilizidi kuwazuia kupumua. Ndipo mganga Paul Harrington alipowaza: tuutegemeze mgongo kwa ndani. Akatengeneza ufito wa chuma kisichoshika kutu, wenye kulabu mbili, moja juu ya pindo, moja chini. Ufito ulizisukuma kulabu zitengane, na mgongo ukanyoka.

Mwanzoni alitumaini chuma peke yake. Lakini mtoto hutembea, huinama, hugeuka, na kila mara chuma hupindwa kidogo. Hata waya, ukiukunja na kuukunjua mara nyingi, hukatika. Vivyo hivyo fito zilivunjika na kulabu zikachomoka. Basi akajifunza kuunganisha pingili pia kwa vipande vya mfupa. Chuma hushika kwa muda. Mfupa ukiisha kushikana, ndio unaochukua mzigo. Mwaka 1962 aliandika habari hizo, na njia yake ikaenea mbali.

Hata hivyo ilikuwa na kasoro. Kusukuma ncha mbili tu kulinyosha hata ule mpindo mwema wa kiuno ambao Muumba ametupa, na baadaye wengine wakaumwa mgongo. Kwa hiyo, katika miaka ya 1980, Wafaransa Cotrel na Dubousset walitumia fito mbili zenye kulabu nyingi. Tena mtoto mdogo haunganishwi pingili upesi, mgongo wake usije ukakoma kukua. Hutiwa ufito unaorefushwa kadiri akuavyo.

Wazazi, mwinamisheni mtoto, mtazame mgongo wake. Upande mmoja ukiinuka kuliko wa pili, mpelekeni kwa mganga mapema. Msimfiche nyumbani: pindo dogo hutunzwa kwa urahisi kuliko kubwa.