Wapagazi Wasio na Majina

Mwezi wa Desemba 2022 nilikuwa Dar es Salaam kwa mwanangu wa kike, na wajukuu wangu watatu walikuwa likizo. Asubuhi moja mkwe wangu akaniambia, "Baba, hawa watoto wanapita mjini kila siku lakini hawajui wanapita wapi. Wewe ni mwalimu wa historia. Leo tuwatembeze." Nilikubali kwa furaha. Sikujua kwamba kabla ya jua kuzama ningeulizwa swali ambalo mimi, mwalimu mkuu mstaafu, ningeshindwa kulijibu.

Tulianzia Mtaa wa Samora, penye Sanamu ya Askari. Niliwaeleza watoto kwamba wakati wa Wajerumani mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyepigana na Abushiri na wenzake mwaka 1889. Chini ya miguu ya Wissmann alichongwa askari wa Kiafrika, amemwinulia macho bwana wake. Waingereza walipouteka mji, Septemba 1916, waliiondoa sanamu hiyo. Mwaka 1927 wakasimamisha hii iliyopo sasa, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Safari hii Mwafrika hakuwekwa miguuni pa mtu. Amesimama juu peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini.

Mjukuu wangu mkubwa, msichana wa kidato cha pili, aliyasoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Yanawataja askari; yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi; kisha yanamwahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Msichana akaizunguka sanamu pande zote nne, akarudi.

"Babu, majina yenyewe yako wapi?"

Nikamwambia hayapo. Akanyamaza, nasi tukaingia garini.

Kutoka hapo tulikwenda Kariakoo. Watoto walidhani nimewapeleka kununua viatu. Nikawaambia kwamba jina hilo lenyewe ni kumbukumbu ya vita. Baada ya kuuteka mji, Waingereza waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", na wananchi wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Maelfu kwa maelfu wanauza na kununua hapo kila siku, na wachache mno wanajua kwamba wanalitamka jina la jeshi la watu waliobeba mizigo.

Mjukuu wa pili akauliza kwa nini hawakutumia magari au punda. Swali zuri. Nchi ilikuwa na reli mbili tu kubwa, ile ya Tanga kwenda Moshi na ile ya Kati. Magari yalikwama kwenye matope, na wanyama waliuawa na mbung'o. Kikabaki kichwa cha mwanadamu. Jeshi lilipokuwa likimfukuza Jenerali Lettow-Vorbeck kuelekea Rufiji, na baadaye hadi Msumbiji, kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa na mtu, tena mtu huyo naye alipaswa kula njiani. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao 1,000,000, na waliokufa hawapungui 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na mvua. Wajerumani nao walikamata wapagazi wao, na vifo vyao havikuhesabiwa vizuri.

Mchana, baada ya kula, tulikwenda kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, ambayo sasa sehemu hiyo yaitwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka Ocean Road, ili kupisha ujenzi wa barabara. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Upo pia ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,500 ya watu wa majeshi ya Uingereza na India wasio na kaburi linalojulikana. Watoto walisoma majina, vyeo na tarehe. Walimtafuta mpagazi, wasimwone.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Baada ya vita wenye mamlaka waliamua kwamba Waafrika wakumbukwe kwa jumla, kwa sanamu kama ile ya Samora, na si mmoja mmoja kwa majina. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Niliyaeleza hayo kwa uchungu, kama mtu aliyedhulumiwa. Nikaongeza kwamba hata sisi tulipoteza mtu. Babu yangu na kaka yake walichukuliwa kutoka Ugogo mwaka 1917. Babu alirudi, akaikuta njaa ya Mtunya, iliyoletwa na ukame baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana. Kaka yake hakurudi.

"Aliitwa nani, Babu?"

Ndugu msomaji, sikujua.

Babu yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na saba. Alipokuwa hai alisema tu "kaka yangu," kisha akanyamaza, nami sikumwuliza. Baadaye chuo cha ualimu kilinifundisha kufundisha vita ile, na niliifundisha miaka mingi: Tanga Novemba 1914, Lettow-Vorbeck kusalimu amri Novemba 1918. Majina ya majenerali niliyajua kama majina ya wanangu. Ubaoni niliandika "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo," na nyumbani kwetu alikuwapo mzee aliyeibeba vita hiyo kichwani, nisimwulize.

Jioni ile nilimpigia simu shangazi yangu, ndiye mkubwa kuliko wote tuliobaki. Alifikiri kwa muda mrefu. "Baba alikuwa akimtaja," akasema, "lakini mwanangu, mmechelewa kuuliza."

Waingereza wana deni lao, na wamelikiri. Lakini ahadi iliyoandikwa pale Samora haisemi kwamba serikali itakumbuka. Inasema wanawe watakumbuka. Wana ndio sisi.

Kabla sijarudi Dodoma, mjukuu wangu alinunua daftari. Tuliandika majina ya wote niwajuao, kuanzia babu yangu, na mahali walipozikwa. Mstari wa kwanza, juu ya wote, tuliandika: "Kaka yake Babu, mpagazi, alichukuliwa 1917, hakurudi." Mbele ya maneno hayo tumeacha nafasi ya jina. Wewe uliye na mzee nyumbani, nenda ukamwulize leo.