Nia na Hoja Katika Mabishano ya Kiwanja

Mali ya mtu mmoja ina mwenyewe wa kuulizwa; mali ya umma ina wenyewe wengi, na kila mmoja hujibu kwa sauti yake. Kwa sababu hii ni machache mambo yapimayo adabu ya mji kama kiwanja cha michezo. Shamba hulimwa na aila moja, duka hufunguliwa na mtu na nduguye, lakini kiwanja hukusanya mvuvi, mwalimu, mchukuzi wa bandarini na mtoto asiye na nauli ya kurudi kwao. Wote hushangilia bao moja, na wote huamini kwamba uwanja ni wao.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliukuta mji wa soko, uliopokea chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, pembe za ndovu na, kwa masikitiko ya historia, watu waliouzwa. Humo walichanganyika Waha, Wajiji, Wabembe, Wagoma, Wamanyema, Waarabu na watu wa pwani. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi pasipo baraza, na baraza haiwezi kuishi pasipo adabu ya ulimi.

Mwaka 1914 reli ya kati, yenye urefu wa kilometa 1,252 kutoka Dar es Salaam, ilifika ziwani. Haikuishia Ujiji, mji wa kale, bali Kigoma. Aulizaye sababu hupata majibu mawili. La kwanza ni la maji: ghuba ya Kigoma ina kina na kinga, na ufuko wa Ujiji hauna. La pili ni la nia: Wadachi walitaka kituo chao wenyewe, cha kuvuta biashara ya Kongo na kuunda meli za kulitawala ziwa, kama ile Graf von Götzen iliyoshushwa majini 1915, ambayo leo ni Liemba. Majibu yote mawili ni ya kweli. Nia ya mtawala haikukifanya kina cha ghuba kuwa uongo, wala kina cha ghuba hakikuitakasa nia ya mtawala. Katika mfano huu mmoja mna somo zima.

Katika mji wa Kigoma upo Uwanja wa Lake Tanganyika, ambao, kama viwanja vingine vingi vya mikoani, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Asili ya milki ya namna hii yatakikana ifahamike. Tangu 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja tu kwa sheria, na TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari 1977, chama kilikwisha kuwa juu ya serikali. Katika miaka hiyo mpaka baina ya chama, serikali na wananchi ulififia. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudishwa, mpaka ulichorwa upya. Lakini viwanja vilibaki upande mmoja wa mstari. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Wenye kutaka viwanja virudishwe kwa umma husema hivi: siku za kujenga, mwananchi hakuwa na chama kingine cha kukipa mchango wake, alichanga kwa kuwa ni mkazi, mkulima au mfanyakazi, si kwa kuwa na kadi. Basi chama kilikuwa mwangalizi wa amana, na amana hurudishwa. Wenye kuitetea milki ya chama hujibu: chama ndicho kilichoongoza kazi, ndicho chenye hati, na ndicho kilichovitunza viwanja; na mali iliyopatikana kwa sheria ya wakati wake haiporwi kwa sheria ya wakati mwingine. Kila upande una neno zito. Hoja ya amana haijibiwi kwa kuonyesha hati peke yake, na hoja ya hati haijibiwi kwa kupaza sauti.

Lakini aghalabu mabishano hayafiki hapo. Huishia mlangoni, pale ambapo msemaji huulizwa ametumwa na nani. Katika Kigoma Ujiji jambo hili ni jepesi mno kutokea, maana siasa za huko ni moto. Zamani za misafara zingalisahauliwa, bali uchaguzi wa 2015, ambapo ACT-Wazalendo ilipata halmashauri ya mji, hausahauliki upesi. Adaiye uwanja uwe wa umma huambiwa anatafuta kura. Asemaye ubaki ulipo huambiwa amelishwa. Atakaye ujengwe mwingine mpya huambiwa ana jamaa mkandarasi. Watu watatu wamesema, na hapana hata mmoja aliyejibiwa.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuona gharama ya desturi hiyo. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliipinga azma ya kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, ambamo chama kilichotawala, KANU, kingepata makao yake. Maswali yake yalikuwa ya fedha na ya nafasi: nani atalipa deni, na maskini wa mjini watapumzika wapi? Bungeni hakujibiwa fedha wala nafasi. Ilisemwa juu ya uanamke wake na talaka yake. Jumba halikujengwa, kwa kuwa hoja iliyotukanwa haifi. Mwaka 2004 mwanamke yuleyule alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ujiji wenyewe ulimzaa mtu aliyejua dawa ya maradhi haya. Sheikh Amri Abedi, aliyezaliwa huko 1924, alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria, akafariki 1964. Katika malumbano ya washairi, mjibuji hufungwa na vina na mizani, naye hupaswa kulijibu shairi lililo mbele yake. Anaweza kuuma, lakini hana budi aume neno. Uwanja wa Arusha huitwa kwa jina la Sheikh huyo, nao pia umo katika mabishano yaleyale ya milki.

Haifai kudhani kwamba nia isiulizwe kabisa. Mwenye kupokea fedha za watu ana wajibu wa kusema anapata nini, na kumwuliza si utovu wa adabu. Lakini swali la nia lina mahali pake: huulizwa baada ya hoja, huulizwa pande zote, na hujibiwa kwa hati na hesabu, si kwa uvumi.

Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga zilicheza fainali ya kombe la shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba ikashinda kwa bao moja. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ikapanda ligi kuu. Siku hizo hapana aliyemwuliza jirani yake ana kadi gani kabla ya kusogea ampishe aketi. Mji ulioweza kuketi hivyo waweza kubishana hivyo. Usipoweza, majani ya kiwanja yatakauka huku wenyewe wakichunguzana mioyo, na mtoto asiye na nauli atakuwa ndiye aliyeshindwa, ingawa hakusema neno.