Fahamu Namna Shahada ya Ubunifu Majengo Inavyopimwa, Kuanzia Darasani hadi Daftari la Usajili

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwanafunzi anapotunukiwa Shahada ya Ubunifu Majengo, familia yake huhesabu kwamba imepata mbunifu majengo. Kwa mujibu wa sheria, hajawa bado. Kati ya joho la mahafali na haki ya kutia saini michoro ya jengo la umma ipo safari nyingine, na ni katika safari hiyo ndipo ubora wa programu aliyoisoma hudhihirika.

Makala haya yanaeleza vyombo vinavyohusika na kupima programu hiyo, mambo yanayopimwa, na namna mwananchi anavyoweza kuzisoma takwimu za wahitimu bila kupotoshwa.

Chimbuko la mafunzo hayo nchini

Wabunifu majengo wa kwanza wa Kitanzania walilazimika kusomea nje ya nchi. Marehemu Beda Amuli, aliyebuni jengo la Soko la Kariakoo, alisomea Haifa, Israel. Leo mafunzo hayo yanapatikana nchini, kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi, ambacho chimbuko lake ni shule ya upimaji ardhi iliyoanza mwaka 1956. Taasisi hiyo ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kisha ikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007.

Nani hupima

Upimaji hufanywa na vyombo viwili vyenye majukumu tofauti. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanzishwa mwaka 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, ndiyo yenye mamlaka ya kutoa ithibati kwa vyuo na programu zake. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), inayosimamiwa na Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, husajili wanataaluma na kusimamia mwenendo wao. Kwa lugha nyepesi, TCU huangalia programu, na AQRB humwangalia mtu aliyetoka katika programu hiyo.

Katika ngazi ya kimataifa upo Mkataba wa Elimu ya Ubunifu Majengo wa UNESCO na Umoja wa Kimataifa wa Wabunifu Majengo (UIA), uliopitishwa mwaka 1996 na kuhuishwa baadaye. Mkataba huo unapendekeza masomo ya muda wote yasiyopungua miaka 5, yakifuatiwa na mafunzo ya kazini ya miaka isiyopungua 2. Unasisitiza pia kuwa usanifu ndio uwe kiini cha masomo, na masomo mengine yauhudumie.

Kinachopimwa ndani ya chuo

Moyo wa shahada hii ni studio. Humo mwanafunzi huchora, hutengeneza mfano mdogo wa jengo, kisha husimama mbele ya jopo kuutetea usanifu wake. Kwa sababu hiyo, mtathmini hatosheki na kusoma mtaala. Huangalia uwiano wa walimu na wanafunzi katika studio, nafasi ya kazi aliyonayo kila mwanafunzi, vifaa na programu za kompyuta, walimu waliosajiliwa kitaaluma, na taarifa za watahini wa nje. Hupitia pia kazi za wanafunzi wenyewe, zikiwemo zilizopata alama za chini, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonesha kiwango ambacho chuo kinakubali kuwa kinatosha.

Kinachopimwa baada ya chuo

Hapa hutumika utafiti wa kuwafuatilia wahitimu. Maswali ya msingi ni haya: wangapi wanafanya kazi ya fani yao, ilichukua muda gani kuipata, wangapi wamepata mafunzo ya kazini chini ya mbunifu aliyesajiliwa, na wangapi wamefaulu mitihani ya kitaaluma na kuingia katika daftari la usajili.

Takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tuchukulie darasa la wahitimu 40, ambapo 20 walijibu dodoso na 18 kati yao walisema wana ajira. Chuo kinaweza kutangaza kuwa asilimia 90 wameajiriwa, ilhali walio na ajira kwa hakika ni 18 kati ya 40, sawa na asilimia 45, na hali ya 20 wengine haifahamiki. Isitoshe, neno "ajira" laweza kumjumuisha anayechora majengo na anayefanya biashara isiyohusiana kabisa na fani.

Idadi ya wanaofikia usajili ni kipimo kizito zaidi, ingawa nayo ina mipaka. Mhitimu anaweza kuchelewa kusajiliwa kwa kukosa ofisi ya kumpokea kwa mafunzo, wala si kwa udhaifu wa chuo.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Gharama za masomo hubebwa na familia, na kwa wengi ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ambao sharti urejeshwe. Aidha, soko la kazi limevuka mipaka: mwaka 2011 bodi za ubunifu majengo za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambua sifa za kitaaluma za kila upande. Zaidi ya yote, upo usalama wa watu watakaoishi na kufanya kazi katika majengo hayo.

Mambo ya kuuliza kabla ya kujiunga

Mwombaji na mzazi wanashauriwa kuthibitisha yafuatayo:

1. Kwamba programu yenyewe, si chuo pekee, ina ithibati hai ya TCU.
2. Kwamba AQRB inaitambua shahada hiyo kwa ajili ya usajili.
3. Kwamba chuo kina utaratibu wa kuwapatia wanafunzi mafunzo kwa vitendo.
4. Kwamba takwimu za wahitimu zinataja idadi ya waliohitimu, waliojibu na waliosajiliwa.

Mwananchi anayetaka kujenga naye aulize namba ya usajili ya mbunifu wake na kuithibitisha AQRB kabla ya kulipia michoro. Cheti cha shahada pekee hakitoshi.