Roki ya Kusini

Roki ya Kusini ni aina ya muziki wa roki iliyoanza katika majimbo ya kusini mwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Huchanganya roki ya magitaa ya umeme na bluzi, kantri, muziki wa injili na mara nyingine jazi. Ilifikia kilele chake katika miaka ya 1970. Bendi zinazotajwa zaidi ni The Allman Brothers Band na Lynyrd Skynyrd.

Jina hili limezua ubishi tangu mwanzo. Wapo wanaoitambua bendi ya namna hii kwa mahali ilipotoka, wengine kwa sauti ya muziki wake, na wengine kwa mambo inayoyaimba.

Historia

Rock and roll ya miaka ya 1950 ilitoka kwa sehemu kubwa Kusini. Elvis Presley alizaliwa Tupelo, Mississippi. Little Richard alizaliwa Macon, Georgia. Jerry Lee Lewis alizaliwa Ferriday, Louisiana. Kwa sababu hiyo mwimbaji Gregg Allman hakulipenda jina "roki ya Kusini": kwa maoni yake roki ilikuwa ya Kusini tayari, na kuongeza neno hilo ni kusema jambo moja mara mbili.

Kaka yake, Duane Allman, alifanya kazi ya kupiga gitaa studioni huko Muscle Shoals, Alabama, ambako alishiriki kurekodi na mwimbaji wa soul Wilson Pickett. Mwaka 1969 ndugu hao wawili na wenzao walianzisha The Allman Brothers Band mjini Jacksonville, Florida, kisha wakahamia Macon. Huko Phil Walden, aliyewahi kuwa meneja wa Otis Redding, alikuwa ameanzisha pamoja na wenzake kampuni ya Capricorn Records. Kampuni hiyo ilitoa pia albamu za The Marshall Tucker Band ya South Carolina na Wet Willie ya Alabama, hata Macon ikawa kitovu cha muziki huu. Ilifilisika mwaka 1979.

Misiba miwili ilitikisa muziki huu. Duane Allman alifariki katika ajali ya pikipiki mjini Macon tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na umri wa miaka 24. Tarehe 20 Oktoba 1977 ndege iliyowabeba Lynyrd Skynyrd ilianguka Mississippi. Watu sita walikufa, wakiwemo mwimbaji Ronnie Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines na dada yake Cassie Gaines.

Sifa za muziki

* Magitaa ya solo mawili au matatu, ambayo hupokezana au hupiga pamoja kwa sauti zinazopatana. Allman Brothers walikuwa na mawili, Lynyrd Skynyrd matatu.
* Gitaa la kuteleza, linalopigwa kwa kuburuza kitu kigumu juu ya nyuzi. Duane Allman alitumia chupa ndogo ya dawa aliyoivaa kidoleni. Mbinu hii ni ya wapiga bluzi.
* Vipande virefu vya kupiga bila kuimba, hasa jukwaani. Albamu mashuhuri ya namna hiyo, At Fillmore East, ilirekodiwa New York mwaka 1971.
* Ala nyingine kulingana na bendi: filimbi kwa Marshall Tucker Band, fidla kwa Charlie Daniels.
* Maneno yanayohusu nyumbani, safari, kazi, pombe, dini na fahari ya kwao.

Suala la uhalisi

Mahali pa kuzaliwa hapatoshi kuwa kipimo. Tom Petty alitoka Gainesville, Florida, lakini kwa kawaida hahesabiwi katika kundi hili. Kwa upande mwingine, Creedence Clearwater Revival waliimba kuhusu mabwawa ya Louisiana, ilhali walikuwa vijana wa El Cerrito, California. The Band walisimulia maisha ya Kusini, lakini kati yao ni mpiga drams Levon Helm tu aliyetoka huko, jimbo la Arkansas. Wengine walikuwa Wakanada.

Mfano unaofundisha zaidi ni wimbo "Sweet Home Alabama" wa mwaka 1974, ambao Lynyrd Skynyrd waliutoa kumjibu Neil Young aliyekuwa ameilaumu Kusini kwa ubaguzi wa rangi. Watunzi wake walikuwa watatu: wawili wa Florida, na Ed King wa California. Hakuna aliyetoka Alabama.

Kwa hiyo ni vyema kuvitazama vipimo vyote kwa pamoja: asili ya wanamuziki, mchanganyiko wa bluzi na kantri, na uhusiano na wenzao wa Kusini. Bendi ikikosa kimoja inaweza kuhesabiwa bado. Ikikosa viwili, ni vigumu.

Bendera na ubaguzi

Baadhi ya bendi zilitumia bendera ya majimbo yaliyojitenga na kupigania utumwa katika vita vya 1861–1865. Wapo mashabiki walioiona kuwa alama ya kwao. Kwa Wamarekani Weusi wengi ilikuwa alama ya mateso. Tom Petty, aliyeitumia katika maonyesho ya mwaka 1985, alijuta hadharani mwaka 2015.

Bendera hiyo haielezi muziki wenyewe. Bluzi na muziki wa injili vilivyoilea roki ya Kusini vina mizizi kwa watu Weusi, na Allman Brothers walikuwa na mpiga drams Mweusi, Jaimoe, tangu siku ya kwanza. Mwaka 1972 mpiga besi Mweusi, Lamar Williams, alijiunga nao.

Baada ya miaka ya 1970

Muziki huu uliendelezwa na The Black Crowes wa Georgia na Gov't Mule. Drive-By Truckers walitoa mwaka 2001 albamu Southern Rock Opera, inayozungumzia Lynyrd Skynyrd na pia historia ya ubaguzi huko Alabama.

Tazama pia

* Bluzi
* Muziki wa kantri
* Rock and roll